Vitabu Vilivyolala Jikoni

Nianze na yule mwenye kofia, maana ndiye aliyenichosha kuliko wote. Alikuwa mpanda farasi katika vitabu vya picha, na mwaka mzima niliosoma habari zake sikumwona akila hata mara moja. Anapanda farasi asubuhi, anavuka jangwa, anapiga watu risasi, anashuka jioni, na shati lake limenyooka kama la siku ya Idi. Wenzake wanaanguka kulia na kushoto, yeye hata vumbi halimshiki. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, natembea kutoka shule hadi nyumbani tu, hapo hapo Konde, Pemba, na nikifika gauni limenigandia mgongoni. Mtu asiyetoka jasho sikuwa na haja naye.

Nilimsoma hata hivyo. Nilisoma kila kilichonifikia, na vilinifikia kwa mkono wa mwenye duka la vitambaa. Alikuwa Muhindi, watoto wake wakisoma Mombasa, na kila likizo walikuja na sanduku la vitabu vile na kurudi bila ya kuvichukua. Wenye maduka wengine wangevichana wafungie sukari. Yeye aliniwekea. Akinipa alivifunga kwa karatasi ya kaki na kamba, kama doti ya kanga, ili watu wasimwone mwalimu wa watoto wa kike anabeba vikaragosi njiani. Ilikuwa miaka ya mwisho kabla ya uhuru, siasa imeshawagawa watu mpaka duka unalonunulia chumvi ni habari ya kuulizwa, na mimi niliulizwa mara mbili kwa nini siachi kwenda kwake. Nikasema nanunua uzi. Nilikuwa nimechoshwa na siasa kama nilivyochoshwa na kila kitu, na uzi ulikuwa jibu fupi.

Nyumbani niliishi na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, baba alipofariki na mama akaolewa Vitongoji. Yeye hakujaaliwa mtoto. Wakati ninaousema alikuwa ameshapooza upande wa kushoto. Aliamka siku moja mkono na mguu havimsikii, na tangu siku hiyo akawa wa kitandani. Akili haikupungua hata chembe, wala ulimi. Asubuhi nilimwosha, nikamgeuza, nikamkalisha kwa mito, nikamwekea uji na maji karibu, nikaenda kusomesha. Jirani yetu mmoja alipita adhuhuri kumwangalia. Nikirudi naanza upya. Watu waliniambia nitapata thawabu zangu, nikawaitikia amin, na moyoni nilitamani mmoja wao abaki anisaidie kukamua mashuka.

Vitabu vilikuwa vya kumpa shughuli. Alisoma chuoni utotoni, akakhitimu Kurani, na barua zake za Kiswahili aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Herufi za Kizungu hakuzijua wala hakuona zimempungukia. Nilimwachia vitabu vitatu au vinne kitandani, naye akatazama picha saa baada ya saa, akifungua kurasa kwa mkono wake mzima.

Tatizo lilikuwa malaika. Kwetu kila mtu alijua kwamba malaika wa rehema hawaingii chumba chenye picha za viumbe, na shangazi hakuwa mtu wa kukosa sala. Alisali kwa kukaa, pale pale kitandani. Kwa hivyo kabla ya kila sala vitabu vilitoka chumbani. Adhuhuri alivitoa jirani. Sala nyingine zote ni mimi. Nilivipeleka jikoni, kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, nikavilaza juu ya kinu kilichopinduliwa, na sala ikimalizika nikavirudisha. Siku moja nilimwuliza kama si afadhali vikae huko huko moja kwa moja.

"Na mie nitazame n'ni?" akasema. "Boriti?"

"Na jikoni malaika hawaingii, Shangazi?"

"Jikoni wana kazi gani? Kwani wao hula?"

Basi vitabu vyangu vyote vya ujana vilinuka moshi wa kuni. Nikikumbuka hadithi yoyote kati ya zile, harufu hiyo ndiyo inayotangulia.

Baada ya alasiri nilimkanda mkono kwa mafuta ya nazi, na hapo ndipo tulipozungumza vitabu. Huo ndio uliokuwa wakati wangu mzuri wa siku, pamoja na uchovu wote. Shuleni walimu wenzangu walizungumza mishahara na vyama. Hapakuwa na mtu mwingine Konde nzima wa kumwambia kwamba mchoraji fulani hajui kuchora miguu, ndiyo maana watu wake wote wamesimama kwenye majani marefu. Shangazi alinisikiliza. Alikuwa na rai zake pia, na rai zake zilikuwa za ajabu.

Yule mwenye kofia alimpenda mno. "Yule n'tabibu," aliniambia. Nilimwuliza tabibu wa nini. Akasema kijana yule haingii mji ila atakuta watu wamelala chini, wengine wana damu, naye hamkimbii hata mmoja. Anawanyooshea kile chuma chake, wanainuka. Wakishainuka wanagombana naye, ndio shukurani za wanaadamu, lakini yeye anapanda farasi wake anakwenda mji mwingine. Nikacheka. Nilidhani anafanya mzaha, maana mzaha aliujua.

Kulikuwa na kile kilichotoka kusini ya Afrika, ambacho hakikuchorwa bali kilipigwa kwa picha za watu wa kweli, weusi, wamevaa makoti na kofia. Rai yangu ilikuwa kwamba sura zile zinapendeza kuzitazama, ila wote wamesimama kama walio studio wakingoja mpiga picha aseme basi. Hata anayekabwa koo anaangalia tai yake isipinde. Hadithi ilikuwa ya mwizi wa mkufu. Shangazi alisema si mwizi hata kidogo.

"Mtu katoka kifungoni," akasema, "kafunguliwa pingu, na kitu cha kwanza kaenda kutoa sadaka. Kaingia dirishani kaweka mkufu wa dhahabu kwenye sanduku la bibi wa watu, kisha katoka kimya kimya asijulikane. Weye wawajua wangapi wa namna hiyo?"

Nilitaka kubishana, nikaona nguvu za kubishana sina. Nilijisemea kwamba hajui Kiingereza, anajitungia, na kila mwamba ngozi huvutia kwake. Nikaendelea kukanda.

Juu ya mzamiaji tulikubaliana. Huyo alikuwa na kitabu chake kizima, kurasa kumi na mbili akipigana na pweza kwa kisu baharini, mikono imemzunguka shingo, mapovu yanapanda. Shangazi alikulia Kiuyu, na utotoni alishuka pwani bamvua, maji yakitoka mbali, na wanawake wenzake, wakawachokoa pweza mapangoni kwa vijiti kabla ya kwenda kupika. Alitazama mzamiaji yule kwa huruma. "Dume zima, na kisu, kwa pweza mmoja," akasema. "Akikutana na papa je?" Nilikiweka kitabu kile katika vile vya upuuzi na sikukirudia.

Tulikubaliana pia juu ya gazeti moja la watoto la Kiarabu lililokuwa limeingia ndani ya furushi kwa bahati. Lilikuwa na punda aliyevaa suruali akaanguka kisimani. Tulilisimulia sawasawa, mwanzo hadi mwisho, na sote wawili tukaliona halina maana. Hata hapo sikujiuliza kwa nini hilo peke yake ndilo tuliloliona kwa jicho moja.

Sasa nifike kwenye kile kitabu. Kilikuwa chembamba, rangi ya majivu, hakina farasi wala bunduki. Maneno yalikuwa machache mno, kurasa nyingine hazina neno. Kilihusu binti wa Kizungu, katika nchi ya baridi, anayekaa na mama yake. Mwanzoni mama anakanda unga jikoni na binti yuko pembeni yake. Halafu mama anaanguka maradhi, binti anauguza. Mama anakufa, wanamzika, na binti anafunga mlango wa nyumba na kupanda gari moshi akiwa na sanduku la nguo. Hayo tu. Lakini aliyekichora alijua. Kulikuwa na picha ambayo binti ameegemeza paji la uso kwenye mwimo wa mlango, anapumua kidogo kabla hajaingia chumbani kwa mgonjwa. Mimi nilifanya hivyo hivyo kila siku, na nilidhani hakuna aliyeniona. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na uso wa binti peke yake kwenye dirisha la gari. Hakulia, hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala akashiba usingizi. Niliutazama ukurasa ule mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa kitabu chochote, na niliutazama jikoni.

Shangazi naye alikipenda kitabu kile kuliko vyote. Hilo lilinishangaza, hata likanitia wasiwasi, maana si hadithi ya kumpa mgonjwa. Nilikuwa nimempa kwa kupitiwa, siku moja ya haraka. Lakini kila nikitaka kukiondoa alikiulizia.

Msimu wa karafuu ulipofika, shule zilifungwa kama kawaida ili watoto wakachume. Mikeka ilianikwa hadi barabarani, na aliye na mikono alikuwa anachuma au anachambua. Ndipo nikaletewa barua kutoka idara ya elimu. Nilikuwa nimesomesha miaka minne bila ya mafunzo, na sasa nimepewa nafasi ya kwenda Unguja, miaka miwili, nirudi mwalimu kamili. Mwezi mmoja wa kujibu. Niliisoma nimesimama jikoni, sufuria inachemka. Nilikuwa nimeomba nafasi ile kabla shangazi hajapooza, na nilishajizoeza kuisahau. Niliikunja nikaichomeka katika kitabu kilichokuwa juu ya kinu, nikapika, na kwa siku tatu sikumwambia mtu.

Siku ya nne nilivirudisha vitabu chumbani baada ya sala bila ya kuangalia. Nilipoingia na mafuta nikamkuta ameishika barua. Hakuweza kuisoma, lakini muhuri wa serikali aliujua.

"Kino n'ni?"

Nikamwambia. Sikuwa na nguvu za kutunga uongo. Nikamwambia pia kwamba siendi, kwamba barua ya kukataa nitaiandika wiki ile.

"Utakwenda," akasema. "Kwani yule binti hakwenda?"

"Binti gani, Shangazi?"

Akaniashiria kile kitabu cha majivu, akakiweka mapajani, na kwa kidole chake akanisimulia. Alikifungua kwa nyuma. Kwa miaka yake yote ya kusoma, kitabu kilifunguliwa upande wa kulia na mstari ukatoka kulia, na hakuna aliyemwambia kwamba vipo vinavyokwenda vingine. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa ule uso wa dirishani. "Yuno hapa yumo garini, anarudi kutoka masomoni. Mtazame uso wake, katulia, kafaulu." Binti anashuka na sanduku lake, anafungua mlango wa nyumba. Anakwenda kuzuru kaburi, la baba yake bila shaka. Kutoka kaburini, wanaume wanambebea sanduku refu la mbao hadi nyumbani, zawadi alizomletea mama, na wote wamevaa vizuri kumpokea. Anaingia, anamkuta mama hajiwezi. Anamlisha, anamwuguza. Na mwisho, tazama, mama kasimama kwa miguu yake, wanakanda unga pamoja.

"Angebaki nyumbani asisome," akasema, "angejua kumwuguza?"

Nilitoka na bakuli la mafuta mkononi nikaenda jikoni. Mambo yote yalinijia kwa pamoja: watu wanaoinuka mbele ya bunduki, mkufu unaorudi sandukuni. Mwaka mzima tulizungumza vitabu, mimi na yeye, na hatukuwahi kusoma kitabu kimoja. Nilicheka mpaka nikashika kinu. Kisha kicheko kikageuka, nikajifuta kwa kanga, nikarudi kumkanda mkono. Sikumwambia kitu.

Kumwambia nini? Ile ndiyo ruhusa pekee niliyopata, na ilijengwa juu ya jeneza alilodhani ni zawadi. Kama ningekaa kimya, ningekwenda Unguja kwa baraka zake, na moyo wangu ungejua. Kama ningesema, nisingekwenda, naye angekuwa amejua hadithi ile inasema nini juu ya watu wanaouguza. Siku zilipita. Sikujibu barua ile, wala kukataa sikukataa. Yeye kila jioni alikirudia kitabu, akaniongezea jambo jipya aliloliona: viatu vya binti, paka aliyekuwa chini ya meza. Mvua za vuli zikaanza na mashuka hayakukauka.

Ilikuwa ni mashuka, basi. Sitaki kuitafutia siku ile sababu kubwa. Nilikuwa nimefua asubuhi, nimetandika yale ya mwisho yaliyo makavu, na alasiri nikaingia kutoa vitabu kabla ya sala nikakuta yamelowa tena. Yeye alikuwa na kitabu mkononi. Nilipomwinua ili nivute shuka akasema, kwa upole kabisa, nadhani kwa kunifariji, "Usichoke, mwanangu. Yuno naye alichoka, na mwisho mamaake kapona."

"Hakupona," nikasema. "Shangazi, unakisoma kinyume. Vitabu vyao vinaanzia huku, kushoto. Mama anaanza mzima, anaugua, anakufa. Lile si sanduku la zawadi, ni jeneza. Wanamzika, halafu binti anaondoka."

Alikigeuza kitabu, akaanza upya kutoka upande wangu, picha moja moja, na kidole. Adhana ikaadhiniwa ikamalizika, naye bado yumo kitabuni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona anaisikia adhana na asiweke kitu chini. Nilisimama na shuka bichi mikononi. Alipofika kwenye uso wa dirishani alikaa hapo muda mrefu.

"Kaondoka alipokufa mamaake," akasema.

"Ndiyo."

"Kabla yake hakuweza."

"Hakuweza, Shangazi."

"Na uso wake n'mzuri," akasema. Kisha akaniangalia. "Na weye wanisubiri nife?"

Jibu la swali lile ni neno moja, na mtu mwema huwa nalo mdomoni. Mimi nilivuta pumzi moja, nikavuta ya pili. Nadhani nilivuta ya tatu. Halafu nikasema, "Astaghfirullah, Shangazi, maneno gani hayo," jambo ambalo si jibu, na yeye alijua kuwa si jibu kwa sababu alinisomesha mwenyewe kusema kweli.

"Toa vitabu," akasema, "nisali."

Hatukulizungumza tena. Kesho yake alimwita jirani, akampa salamu za kupeleka kwa gari la Kiuyu, na baada ya siku mbili akaja binamu yake mjane, na mkeka wake na kuku wawili, kukaa. Shangazi alinipanga kama alivyonipanga nilipokuwa mdogo: jibu barua hiyo leo, shona gauni hilo, mwonyeshe mwenzio jinsi ya kunigeuza nisiumie bega. Hakunionyesha hasira. Ningependa angekasirika, ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Kila nikikaa karibu naye nikitafuta maneno, alinipa kazi.

Asubuhi ya kuondoka nilimbusu mkono. Akanisomea dua, ndefu, haikosi hata kituo, akanipulizia kichwani. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa nikimsubiri afe. Sikuweza kuapa, na kwa shangazi usingesema jambo kama lile bila kuapa. Nikapanda gari la Wete nikiwa na sanduku langu, na njia nzima sikutazama dirishani.

Unguja tulilala dahalia, wanafunzi kumi na wawili chumba kimoja, na wiki za kwanza nililala kila nilipopata nafasi. Nililala baada ya chakula, nililala juu ya daftari. Wenzangu walinitania kwamba Pemba hakuna vitanda. Nilikuwa sijui jinsi mwili wangu ulivyochoka mpaka ulipopata ruhusa, na kila nikiamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kusikiliza kama nimeitwa.

Mwezi wangu wa tatu huko nikaletewa barua na mtu aliyetoka kwa meli. Juu ya bahasha jina langu limeandikwa kwa herufi za Kizungu, na mwandiko niliujua, ni wa mwenye duka la vitambaa. Mwenye duka hakuwahi kuniandikia. Hakuwa na sababu ya kuniandikia ila moja. Nilikaa kitandani kwangu kabla ya kuifungua.

Nitalisema hili, kwa kuwa shangazi ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi, na hayupo tena wa kuumia nalo. Kabla huzuni haijanifikia, kabla hata sijasema innalillahi, nilihisi mabega yangu yameshuka. Yalishuka yenyewe, kama unapotua ndoo. Ilikuwa pumzi moja tu, kisha huzuni ikaja. Lakini pumzi ile niliivuta, na niliijua. Lilikuwa jibu la swali lake, na lilikuwa limechelewa kwa miezi mitatu.

Ndani kulikuwa na karatasi moja, herufi za Kiarabu, mwandiko wake mzuri. Mwenye duka aliandika bahasha tu.

Baada ya salamu alisema kwamba yeye ni mzima, au nusu mzima kama ninavyomjua. Binamu yake anakoroma. Mwenye duka kampelekea vitabu vipya viwili na yeye amevisoma kwa njia yangu, kutoka kushoto, kwa kuwa si vizuri mtu kukataa jambo hajalionja. Amevirudia na vya zamani vyote, kimoja kimoja. Hakupenda. Watu wanaanza wazima wanaishia chini, na mtu hahitaji kitabu kumwambia hilo. Kwa hivyo amerudi kusoma kwa njia yake, na mimi nisome kwa yangu, hakuna ugomvi. Halafu chini kabisa, peke yake, mstari mmoja: "Mie sijafa, wala sina haraka. Usinisubiri."

Niliisoma mara nyingi mpaka kengele ya darasa ikalia. Nilimjibu siku ile ile kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wangu mbaya. Nilimwambia nimeipata barua yake na nimefurahi sana kusikia yu mzima. Hiyo nayo ilikuwa kweli.